Safari ya Majilio katika miji ya kale ya Ujerumani



Kila mwaka ikikaribia Desemba, familia nyingi za hapa kambini hupokea picha kwenye simu kutoka kwa ndugu waliofika Ujerumani. Theluji, taa, vibanda vya mbao vilivyojaa mikate na vitu vitamu. Watoto wanauliza: kule ni wapi, na mtu anafikaje? Basi mwezi huu tumeipanga safari yenyewe, mji kwa mji. Mwenye ndugu kule amtumie. Na sisi wengine tusafiri kwa kusoma, maana kuna jambo katika miji hii linalotuhusu sana.

Ujerumani si nchi ngeni kabisa kwetu. Meli ya Liemba, iliyowarudisha maelfu ya Wakongomani kwao mwaka 1997 na kuwaokoa Warundi pale Kagunga mwaka 2015, iliundwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani. Ilisafirishwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikaunganishwa hapo.

Mambo ya kupanga kwanza

Tarehe. Masoko ya Krismasi hayafanyiki siku ya Krismasi yenyewe. Ni mambo ya Majilio, zile Jumapili nne kabla ya sikukuu. Hufunguliwa mwishoni mwa Novemba, na mengi hufungwa tarehe 24 Desemba mchana. Tarehe 25 na 26 maduka yote yamefungwa, watu wako nyumbani. Kwa hiyo nenda kabla, tena siku za katikati ya wiki, maana Jumamosi watu ni wengi mno, mtoto anaweza kupotea.

Karatasi. Aliyekwisha kukubaliwa kama mkimbizi anatembea nchini kote bila shida, ila abebe kitambulisho chake. Lakini ambaye ombi lake halijajibiwa, hasa anayeishi bado kwenye kituo cha mapokezi, anaweza kuwa amewekewa mipaka ya eneo. Huyo aulize na kuomba ruhusa kwanza. Sisi wa kambini kibali cha kutoka tunakijua, hatuhitaji kufundishwa.

Nauli. Tangu Mei 2023 kuna tiketi moja ya mwezi kwa treni zote za mikoa na mabasi ya mijini. Ilianza kwa yuro 49, Januari 2025 ikapanda mpaka 58, kwa hiyo ulizia bei kabla ya kununua. Haifai kwa treni za mwendo kasi. Watoto wa chini ya miaka 6 hawalipi.

Nguo. Baridi inazunguka sifuri, na jua linazama kama saa 10 jioni. Soksi mbili mbili, viatu visivyopitisha maji.

Siku ya kwanza na ya pili: Nuremberg

Anza hapa. Ndani ya ngome ya kale iliyo juu ya mji kuna hosteli ya vijana, palipokuwa mazizi ya farasi wa mfalme, na familia hupokelewa. Chini yake kuna uwanja wa soko, wenye vibanda vya mapaa ya kitambaa chenye mistari myekundu na myeupe. Soko hili lilikuwapo tayari mwaka 1628. Hufunguliwa na binti anayechaguliwa kila baada ya miaka miwili, amevaa mavazi ya dhahabu, akisimama kwenye roshani ya kanisa na kuwakaribisha watu.

Utaona soseji ndogo kama kidole, tatu ndani ya mkate mmoja. Utaona Lebkuchen, keki ya asali, lozi na viungo. Watu wazima wanakunywa divai ya moto yenye mdalasini na karafuu. Watoto wana juisi yao ya moto isiyo na kileo. Jihadhari na jambo moja: kikombe unakilipia dhamana. Ukikirudisha, pesa yako unarudishiwa. Usipokirudisha, basi umekinunua.

Sasa tazama nyumba zinazouzunguka mji wa kale. Zinaonekana za karne nyingi. Lakini usiku wa tarehe 2 Januari 1945 ndege za Uingereza ziliupiga mji huu, na karibu mji wote wa kale ukawa kifusi. Mengi unayoyaona yamejengwa tena baadaye na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu.

Tuseme pia ukweli wote. Vita ile Ujerumani yenyewe iliianzisha mwaka 1939, na Nuremberg ndipo chama cha Hitler kilipofanyia mikutano yake mikubwa. Uwanja huo huo wa soko, mwaka 1349, ulikuwa mtaa wa Wayahudi. Waliuawa, mtaa ukavunjwa, na kanisa likajengwa palipokuwa na sinagogi yao. Mji unaweza kuwa umeumizwa na umeumiza pia.

Kama una muda, panda treni ya chini ya ardhi mpaka Jumba la Mahakama, chumba namba 600. Hapo viongozi wa utawala ule walishtakiwa, kuanzia Novemba 1945 hadi Oktoba 1946. Wazo kwamba mkubwa wa vita anaweza kusimamishwa kizimbani lilipata nguvu pale. Wenzetu wa Ituri walioona Thomas Lubanga akihukumiwa The Hague mwaka 2012 wataelewa kwa nini tunakutaja chumba hicho.

Na ndugu zetu wengi wanalijua jina la Nuremberg kwa sababu nyingine: makao makuu ya ofisi ya serikali inayoamua maombi ya hifadhi yako hapa, ndani ya jengo lililokuwa kambi ya askari wa SS, wale wale wa Hitler. Leo barua ya kumkubali mkimbizi inatoka kwenye ofisi iliyo katika kuta hizo.

Siku ya tatu: Rothenburg

Ni safari ya saa moja na kitu kwa treni, unabadilisha njiani. Ni mji mdogo wenye ukuta unaouzunguka wote, na unaweza kutembea juu ya ukuta huo bila kulipa. Kuna pia jumba la makumbusho ya Krismasi, lenye mapambo ya zamani.

Watoto wapeleke ukutani. Tarehe 31 Machi 1945 mabomu yaliharibu kama asilimia 40 ya mji wa kale, na mamia ya mita za ukuta zilianguka. Mji haukuwa na pesa. Wakaomba watu wachangie, mtu na mita yake. Ukitembea leo unasoma majina ya wachangiaji kwenye mawe: Wajerumani, Wamarekani, Wajapani. Kwa kweli ni harambee ile tunayoijua.

Siku ya nne: Dresden

Ondoka asubuhi kupitia Hof, utafika mchana. Soko la Dresden limetajwa tangu mwaka 1434. Hapa kitu cha kula ni Stollen, mkate mzito wa zabibu kavu uliofunikwa sukari nyeupe.

Uwanja wa soko hili una habari nzito. Baada ya mabomu ya tarehe 13 na 14 Februari 1945 yaliyoua watu wapatao 25,000, maiti zaidi ya 6,800 zilichomwa hapo, kwa kuwa haikuwezekana kuzizika zote. Kuna maandishi ya kumbukumbu. Simama kidogo kabla ya kuwanunulia watoto.

Halafu tembea dakika chache mpaka kanisa la Frauenkirche. Kuba lake lilianguka tarehe 15 Februari 1945, na kifusi kikakaa hivyo hivyo karibu miaka 50. Ujenzi ulianza mwaka 1994, ukaisha 2005. Mawe ya zamani yalipangwa na kupewa namba, na mengi yakarudishwa ukutani: ndiyo yale meusi unayoyaona katikati ya mapya. Msalaba wa juu ulitengenezwa London na fundi ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tumeacha nyumba ambazo leo ni majani na tofali chache. Hatusemi kwamba Fizi au Ruyigi ni Dresden. Kule pesa ilikuwapo, na kwetu mara nyingi haipo, wala amani yenyewe haijatulia kote. Lakini hata kule wengine walizeeka wakingoja, na mawe yalitunzwa.

Jioni ya Majilio, mkiwa pamoja nyumbani, waulizeni watoto na wazee: tukirudi kwetu, ni jengo gani tungeanza nalo? Nani anakumbuka lilivyokuwa? Aliye na kumbukumbu aieleze, na mtoto anayejua kuandika aiandike.

Tunawatakieni Majilio mema.