Macho ya Kijomba

Mdogo wangu alikuwa karibu kuacha kusomea programu kwa sababu ya rangi mbili. Si hesabu, si Kiingereza, si bando. Nyekundu na kijani.

Ukilinganisha faili ya jana na ya leo, mstari uliofutwa huwa mwekundu, ulioongezwa huwa kijani. Kompyuta yenyewe haina haja na rangi hizo. Ni za jicho la mtu, na aliyezichagua alifikiria jicho lake.

"Dada, mimi zote naziona matope," aliniambia, tumekaa barazani hapa Kinondo. Mkufunzi wake alishamwandikia kwamba hana umakini, eti mara ya tatu anafuta mstari alioambiwa auache. Naye alishaanza kuamini, na hilo ndilo lililonikera.

Mama akacheka. "Huyo ni mjomba wake mtupu." Mjomba, ambaye hadi leo hununua embe kwa kuibonyeza, kamwe si kwa kuitazama. Upofu huu wa rangi hukaa kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume huipata X yake kwa mama tu. Wadigo wa zamani nao walirithi kwa mjomba, si kwa baba. Mashamba siku hizi yanakwenda kwa baba. Macho bado yanafuata mila. Kumbe hata msitu wa Kaya Kinondo, kijani kibichi kwangu, kwake ni rangi ya chai ya maziwa. Miaka kumi na tisa na hakuna aliyemuuliza!

Tukafungua mipangilio ya VS Code. Rangi za maneno ziko chini ya editor.tokenColorCustomizations, za kulinganisha faili ziko workbench.colorCustomizations. Unaandika jina la kitu na namba ya rangi, basi. Namba tulizitoa kwenye orodha ya Wajapani wawili, Masataka Okabe na Kei Ito, waliopanga rangi ambazo hata mtu kama yeye anazitofautisha. Samawati, #56B4E9, ikawa ya kilichoongezwa. Chungwa, #E69F00, ya kilichofutwa. Ikiwa nzito inafunika maandishi, kwa hiyo unaongeza tarakimu mbili mwishoni kuipunguza: #56B4E944.

Faili hiyo inaruhusu maelezo, na yeye akaziandikia majina pembeni. Samawati akaiita "bahari saa nne". Chungwa: "embe, kwa mujibu wa mama". Sikumsahihisha. Kiswahili chenyewe hutaja rangi hivyo hivyo: zambarau ni tunda, kijivu ni majivu, manjano ni kiungo cha pilau ya watu fulani.

Kazi ya wiki ile aliituma bila kufuta kisichofutwa. Imebaki terminali, ambako makosa hutoka mekundu juu ya nyeusi na yeye haoni kitu. Mjomba alipita jioni, akaitazama skrini muda mrefu, akauliza kama embe nazo zina mipangilio.