Muvi Zinazosikika

Hosteli kwetu, ukitaka kumjua mtu usimuulize anasoma kozi gani. Omba flashi yake. Mwenye sizoni za Kikorea, mwenye muvi za mapigano, mwenye Bongo Fleva tupu, wote wanajulikana. Yangu huwachanganya watu. Humo kuna Awaara ya mwaka 1951, kuna Remmy Ongala, halafu kuna Titanic yenye sauti ya mwanaume anayeongea Kiswahili juu yake. Hiyo ya mwisho washkaji huicheka kabla haijafika dakika ya tano. Leo acha niitetee orodha yangu.

Kwanza, kipimo changu si tuzo za Oscar. Ni bibi yangu mzaa mama, wa Tanga, aliyenilea. Muvi ikiwa mbovu, bibi anasinzia. Ikiwa nzuri, anabishana nayo.

Awaara ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu. Aliiona ujanani, enzi ambazo filamu za Kihindi zilikuwa zikijaza majumba ya sinema ya mwambao na Raj Kapoor akijulikana hata kwa wasiojua neno moja la Kihindi. Nilimuuliza alikuwa anaelewaje. Akacheka: "Mume wangu, mtu kumfukuza mke mwenye mimba, hiyo nayo inataka kamusi?"

Titanic ni ya James Cameron, ya mwaka 1997, saa tatu na ushee. Hii ya kwetu ni kama ina mwongozaji wa pili. Kama ulikulia karibu na kibanda umiza unawajua watafsiri wa filamu. Derek Mukandala, yaani Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliojenga jina kwa kazi hiyo hapa Tanzania. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Watu hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanasimulia: nani kaingia, kashika nini, ana nia gani, na methali juu yake. Rose akisema maneno mawili, jamaa anaeleza nusu dakika.

Wanaocheka wana hoja. Sauti ya mtafsiri inafunika ya mwigizaji, na muziki wa James Horner unazikwa mzimamzima. Mtu wa kozi ya filamu akisahihisha kazi ile, itajaa wino mwekundu. Lakini bibi aliishia darasa la nne, Kiingereza hakijui, na yale maandishi ya chini ya skrini yanapita kabla hajamaliza herufi tatu. Kwake, jamaa yule ndiye aliyemkatia tiketi ya kuingia.

Halafu likaja la macho. Miaka minne iliyopita hospitali walisema ni presha ya macho. Ugonjwa huu unakula kutoka pembeni, kama mtu anayefunga mapazia pande zote mbili, na kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone inalinda kilichobaki tu. Kwa bibi kilichobaki kilikuwa kidogo. Sasa anaona mwanga, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni.

Likizo iliyofuata nikaweka muvi mpya, kali, picha safi. Dakika kumi watu wanafukuzana bila neno. Bibi akauliza, "Wamekufa?" Kidogo tena, "Wamekufa sasa?" Nikaizima, nikaweka Titanic yetu. Meli ikaanza kuinama na jamaa akasema imeinama. Watu wakaning'inia, akasema wananing'inia. Bibi akakaa wima mpaka mwisho, anabishana na Rose kuhusu ule ubao. Yale maelezo tunayoyaita kelele ndiyo yaliyomwonesha meli.

Upande wa muziki nina mmoja tu, Remmy. Alizaliwa Kongo mwaka 1947, akaja kuwa mtu wa Dar es Salaam kiasi kwamba Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Nampenda kwa sababu anaongea na msikilizaji kama jirani. Babu alipofariki, bibi alikaa eda yote bila redio. Siku alipoiomba tena, alitaka kwanza wimbo wa Remmy kuhusu kifo. Tuliusikiliza hatukusema kitu.

Ya mwisho ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi wetu tumeisoma sekondari. Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin na Denge, na mazungumzo ya Kiswahili. Lakini filamu ile inapenda ukimya, na mambo mengi inayasema kwa picha. Ikabidi mimi nikalie kiti cha Lufufu. Nilipofika mahali nikasema, "Yasmin ana huzuni," bibi akaniwekea sharti: "Huzuni nitaiona mwenyewe. Wewe niambie anafanya nini." Sijapata darasa la filamu zaidi ya hilo.

Sasa ombi langu. Muvi zile ziliuzwa kwa kanda na sidii mitaani, nyingi bila ruhusa ya wenye filamu, kwa hiyo usitegemee kuzikuta kwenye huduma za kulipia. Zikioza, zimeoza. Ukienda likizo, fungua kabati la chini ya TV, na kabla mama hajazitupa, zihamishie kwenye flashi.

La pili, hapa chuoni tuna wenzetu wasioona, na usiku wa muvi tunatangaza kila mara kana kwamba hauwahusu. Haihitaji bajeti. Inahitaji maiki moja na mtu anayejua kueleza anachokiona. Wiki ya kwanza najitolea mimi, na sharti la bibi nitalifuata.