Kompyuta iliyosahauliwa ndiyo inayocheza

Nimekuwa kimya kidogo. BTP imenileta Tarime, na huku bando tunalipima kama sukari. Leo nina stori ya Flash Player. Naongelea ile ya Adobe, siyo flashi ya kubebea notsi.

Mnakumbuka kile kidirisha cha kila mara, "apdeti Flash"? Hakikuwa usumbufu wa bure. Flash ilikuwa na matundu, wahalifu wakawa wanapenyea humo, na kila toleo jipya lilikuja kuziba. Julai 2017 Adobe wakatangaza kwamba wataiacha, na tarehe 31 Desemba 2020 wakaiacha kweli.

Sasa sikieni. Shule niliyopo ina kompyuta mbili za mezani zenye somo lile lile la PhET, la uzito na springi, toleo la zamani la Flash. Ya kwanza ilikuwa inaapdetiwa kwa uaminifu hadi mwisho. Ukifungua somo leo, unaona kialama cha "i" basi. Ya pili haijaonja intaneti miaka mingi, na springi inabembea kama kawa! Madogo wanasema imerogwa.

Hakuna uchawi jamani. Matoleo ya miezi ya mwisho ya 2020 yaliwekewa tarehe ndani yake: kuanzia 12 Januari 2021, yasicheze tena. Matoleo ya nyuma hayana hiyo tarehe. Aliyetii ndiye aliyefungiwa. Ndiyo maana ya programu yenye mwenyewe: wewe una kompyuta, funguo anayo yeye.

Lakini msije mkasema kumbe kuapdeti ni ujinga. Ile kompyuta ya pili imepona kwa sababu haina intaneti. Ukiichomeka leo, matundu yote yako wazi, na hakuna atakayekuja kuyaziba. Nimemwambia mwalimu wa TEHAMA aiache hivyo hivyo, mbali na mtandao.

Juzi mwenzetu aliye Mugumu kanitumia ujumbe: "Kaka, kimetokea kidirisha, apdeti Flash, nibonyeze?" Nikamjibu usithubutu. Flash haina apdeti tena. Anayekuletea leo anakuletea kirusi, na kwenye kompyuta hiyo kuna matokeo ya wanafunzi wa shule nzima.

Dawa ipo. PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, wamelitengeneza upya somo hilo kwa HTML5. Unalipakua mara moja, linafunguka kwenye brauza bila plagini wala bando. Kwa mafaili mengine ya Flash kuna Ruffle, ya bure, na msimbo wake uko wazi, ingawa si kila faili linakubali.

Nimeshayapakia masomo kwenye flashi, yanapita Nyamongo, yanavuka Mto Mara hadi Mugumu. Kwa hiyo flashi inaokoa waliokwamishwa na Flash!

Walio BTP, kazeni buti. Tukutane chuo.