Tulichojifunza kwa Tina Turner

Sisi wauguzi tunaojitolea kutoa huduma ya kwanza hatuendi kwenye tamasha kutazama. Tunasimama pembeni na mkoba wa dawa, macho yetu yakiwa kwa watu. Lakini masikio hayazibwi. Ndivyo tulivyomsikia Tina Turner tarehe 5 Mei 2009 katika ukumbi wa Sheffield Arena, Uingereza, nchi tuliyokuwa tukifanya kazi.

Wengi waliokuja walikuwa wanawake wa umri wa mama zetu, wamependeza, wengine wameshikana mikono na waume zao. Mama mmoja alizirai kwa joto na kwa kushinda bila kula. Tulimlaza, tukainua miguu yake, na alipopata nguvu neno lake la kwanza lilikuwa, “Nirudisheni ndani, nimemngoja miaka 25.”

Tina alikuwa na miaka 69. Alicheza kwa viatu vya visigino virefu. Alipanda juu ya mtambo ulionyoosha mkono wake juu ya vichwa vya watu, akatembea huko juu akiimba. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, nayo haikuchoka. Alipoketi na kuimba polepole, ukumbi mzima ulitulia kama watu wanaosikiliza ushuhuda.

Na ushuhuda alikuwa nao. Alizaliwa Tennessee, Marekani, mwaka 1939, akaimba utotoni katika kwaya ya kanisa la Kibatisti. Baadaye alifuata dini ya Buddha, na hapo njia yake na yetu zilitengana. Lakini kila mama anamwelewa mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka mingi, akatoroka mwaka 1976 akiwa na senti 36, kisha akainuka tena mwaka 1984 akiwa na miaka 44.

Yeyote aliyemwona usiku ule angesema hakuna mwenye afya kumzidi. Kumbe tangu mwaka 1978 alikuwa ameambiwa ana shinikizo la damu. Alisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2018. Mwaka 2013, wiki chache baada ya kufunga ndoa na Erwin Bach, alipata kiharusi. Figo zilikuwa zikiharibika, naye akaacha vidonge vya hospitali akitafuta tiba mbadala. Mwaka 2017 mumewe alimtolea figo yake moja. Mwezi Machi 2023 alitangaza kwamba alijihatarisha kwa kutokubali kuwa alihitaji dawa kila siku, maisha yake yote. Alifariki tarehe 24 Mei mwaka huohuo, akiwa na miaka 83.

Tunayasimulia haya kwa sababu tunapopima presha kanisani baada ya ibada, tunakutana na akina dada walioacha dawa. Mmoja anasema, “Sijisikii kuumwa.” Mwingine anasema, “Niliombewa, na kipimo kikashuka.” Dada mpendwa, presha hupanda bila kukuarifu. Unaweza kuimba kwaya, kulima na kupika chakula cha harusi nzima huku mishipa na figo vikiumia. Kipimo kikirudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, mwone daktari. Kikishuka ukiwa unatumia dawa, basi dawa inafanya kazi. Usiiache bila yeye kukuambia.

Maombi na kidonge havigombani. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kuuheshimu mwili kama hekalu, na hekalu hutunzwa kila siku, si siku linapobomoka. Punguza chumvi, tembea, meza dawa kwa saa yake, kisha piga magoti. Mume anayekubali kukupa figo yake ni zawadi ya Mungu; lakini ni heri zaidi asifike huko.