Barua, Hati na Sauti ya Asiyeandika: Makaratasi ya Shamba Moja la Shianda

Katika mijadala yetu ya fasihi, barua ya nyumbani imekuwa mgeni anayepokelewa uani asifikishwe sebuleni. Riwaya iliyojengwa kwa barua tunaikubali bila shaka. Riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979 imefundishwa katika vyuo vingi barani. Lakini barua yenyewe, iliyoandikwa na mtu mwenye haja ya karo au ya mbegu, tunamwachia mwanahistoria. Wosia na hati ya shamba, hata mwanahistoria aghalabu humwachia wakili. Dai langu katika makala haya ni kwamba makaratasi ya aina hizi mbili yana haki ya kusomwa kwa makini yale yale tunayoyapa mashairi, na kwamba usomaji huo una uzito nje ya kuta za darasa.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani ya karne ya 19. Mwaka 1861 Harriet Jacobs, aliyezaliwa utumwani katika mji wa Edenton, North Carolina, alichapisha masimulizi ya maisha yake kwa jina la kubuni. Kwa muda mrefu sana wasomi wengi walikishuku kitabu hicho. Walisema ni hadithi ya kutungwa, na wako waliodhani kuwa mtunzi ni mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child. Ilimbidi Jean Fagan Yellin azame katika barua za Jacobs mwenyewe na katika makaratasi ya jamaa ya Norcom iliyommiliki, ndipo toleo lake la mwaka 1987 likauthibitisha ukweli wa kitabu na wa mwandishi wake. Miongoni mwa makaratasi ya kadhia hiyo umo wosia wa mwaka 1825 ambamo bibi mmoja anamwachia mpwa wake, mtoto mdogo wa daktari James Norcom, msichana Harriet. Na papo hapo, kwa kalamu ile ile, anamwachia kabati na meza ya kazi. Norcom huyo huyo, katika barua kwa jamaa zake, ni mzazi mwenye mapenzi. Katika tangazo la gazeti la mwaka 1835 anaahidi dola 100 kwa atakayemrudishia mtoro wake. Tukizisoma barua bila tangazo, tutampenda.

Afrika ya Mashariki nayo ina kisa chake, ingawa kimegeuka upande wa pili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Unguja, alirithi mashamba kwa baba na kwa mama. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baada ya kuondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, aliudai urithi wake kwa miaka mingi bila kufanikiwa. Barua zake zilizochapishwa Leiden mwaka 1993 zimejaa hamu ya nyumbani. Hata hivyo, mtu huyu aliyenyimwa haki yake aliutetea utumwa katika kumbukumbu zake za mwaka 1886, na waliopanda na kuchuma katika mashamba aliyoyalilia hawana barua.

Mifano hii miwili ndiyo niliyokuwa nayo kichwani ukoo wetu uliponiita Shianda, mashariki ya mji wa Mumias, nilisome sanduku la bati la marehemu babu. Waliniita kwa kuwa mimi, kwa maneno yao, ni mtu wa vitabu. Sandukuni mlikuwa na risiti za kodi, taarifa za malipo ya miwa za tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973, hati ya shamba, na barua 43. Karibu zote zimetoka kwa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, na zimeandikwa kwa Kiswahili ingawa nyumbani tulisema Kiwanga. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na ya posta. Babu hakujua kusoma. Mwalimu jirani ndiye aliyemsomea na kumwandikia majibu.

Hati ina jina moja, la babu. Shangazi yangu, aliyerudi nyumbani na watoto wake baada ya ndoa kuvunjika, amelima kipande cha upande wa mto kwa zaidi ya nusu karne, wala hamo katika karatasi yoyote ya serikali. Yumo katika barua moja tu, ya mwaka 1968. Baada ya bei ya mbegu za mahindi na kabla ya salamu, mwana anamwandikia baba: "Yale uliyosema juu ya dada nimeyapokea. Akae pale penye msiola hadi mtoni, na watoto wake wasisumbuliwe."

Barua alizotuma babu hazikuhifadhiwa. Neno lake limebaki kama mwangwi ndani ya jibu la mwingine, na hii ndiyo sifa ya barua ambayo wahakiki hatujaishughulikia ipasavyo: huibeba sauti ya yule anayeandikiwa. Tazama pia kauli ya kutendwa, "wasisumbuliwe". Na nani? Mtenda amefichwa, lakini mrithi wa kwanza ambaye angeweza kuwasumbua ni mwandishi mwenyewe. Anajifunga kwa sarufi.

Binamu yangu, mtoto wa mwandishi huyo, alileta hoja nzito. Alisema hayo ni maneno ya heshima tu, kwani ni mwana gani angemkatalia mzazi mkongwe katika barua itakayosomwa na jirani? Ni hoja ya kihakiki hasa, maana inahusu kaida za utanzu. Nilizirudia barua nyingine 42. Mara tatu babu aliomba jambo ambalo mwanawe hakulitaka: kuuza ng'ombe, kumchukua mpwa Nairobi, kuacha kazi. Mara zote tatu jibu ni lile lile, "tutazungumza nikija likizo". Mtu huyu alijua kukataa kwa adabu, na alikuwa na fomula yake ya kukatalia. Katika barua ya mwaka 1968 fomula hiyo haimo. Kwa maoni yangu, alikubali.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya mwaka 2012, ilimpa mwenye jina milki kamili, na kwa miaka mingi kesi nyingi za waliokaa bila jina ziligonga ukuta huo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba amana ya kimila inaweza kumfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa katika regista, ila lazima ithibitishwe kwa ushahidi. Barua moja haitoshi, nami niliwaambia hivyo wazee. Wako majirani wawili wanaokumbuka maneno ya babu, na msiola ungalipo, ingawa umekatwa matawi.

Wazee wameamua kumwita mpimaji miwa itakapokatwa. Binamu yangu hajakubali, lakini ameomba nakala ya barua zote 43, si ile moja tu, naye anazisoma.