Baraka Haikanyagi Breki

Wasee, kuna hii tabia ya kucheka mtu akisema anapitia kwa gogo kubarikiwa kabla ya plot. Eti ni mambo ya kizamani. Eti mate ya nyanya na injini ya gari vinahusiana wapi? Leo wacha niwatetee kina gogo.

Disemba tulikuwa sita, tunatoka Kuresoi kwenda Malindi. Kwetu hiyo haina mjadala: kabla upande gari, unaingia kwa gogo. Alitupa mursik, kila mtu akapiga funda, kisha akatutemea mate kidogo viganjani, vile wazee wa Kikalenjin hubariki. Mmoja wetu ameokoka, akakataa katakata. Gogo hakukasirika. Alimshika mkono tu, akamuuliza, "Wewe mnarudi lini?"

"Jumapili, gogo."

"Basi Jumapili nitapika chai ya watu sita."

Cheki sasa, hata hiyo Malindi tulikokuwa tunaenda iliwahi kupokea wageni waliosafiri na baraka. Merikebu za Zheng He kutoka China zilifika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 15. Mabaharia wa China humwomba Mazu, mungu wa kike wa bahari, na mahekalu yake yapo hadi leo. Mnamo 1431, kabla ya safari yao ya saba, Zheng He na wenzake walisimamisha jiwe la maandishi huko Changle, mkoa wa Fujian, kumshukuru Mazu kwa kuwalinda safari zilizopita. Na huyo Zheng He alizaliwa katika familia ya Waislamu.

Lakini sikia hii: watu hao walioshukuru hekaluni walibeba pia dira, na walisoma nyota. Hawakumwachia Mazu kazi ya nahodha.

Hapo ndipo sisi huharibu. Tunaombewa, halafu tunanyamaza dereva akipaa. Na barabara yetu tunaijua. Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, likawaka moto, zaidi ya watu 100 wakafa. Juni 2023, hapo jirani Londiani, lori liliparamia magari na watu kando ya barabara, zaidi ya 50 wakaenda. Usiniambie hao wote hakuna aliyekuwa ameombewa asubuhi hiyo.

Sisi tulipofika mteremko wa Sachangwan, dere aliachilia gari, ngoma juu, watu kimya. Aliyeongea ni yule aliyekataa mate. "Dere, punguza. Kuna mtu ametuhesabia chai." Dere alinuna, lakini akapunguza.

Kwa hivyo mimi nasema hivi. Baraka haikanyagi breki, na haifungi mkanda. Kazi yake ni kukukumbusha kuna mtu amekuhesabu, na una deni la kurudi. Iwe ni mate ya gogo, maombi ya pasta, dua ya shehe au ubani wa hekaluni, ipokee. Kama imani yako haikuruhusu, sawa, lakini mwambie mtu siku utakayorudi.

Halafu ukiwa kwa gari, fungua mdomo. Dere akinuna, anune.