Wikendi na Mke Mwenzangu

Usishtuke na kichwa cha habari. Mume wangu hajaongeza mke, na siku akijaribu nitawaandikia makala nyingine kabisa. Ninayemzungumzia hapa ana miaka themanini na kitu, anaishi Mji Mkongwe, Zanzibar, kwenye nyumba ya ghorofa mbili upande wa Mkunazini. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwake kama mke wa mjukuu wake alinishika kidevu, akaniangalia juu mpaka chini, akasema: "Kumbe ndo weye uliyeninyang'anya mume wangu! Haya, karibu mke mwenzangu."

Watu wa pwani wanaujua utani huu. Bibi na mjukuu wake wa kiume ni "mke na mume", kwa hiyo mimi niliyeolewa juzi ndiye niliyekuja kuvamia. Mimi ni wa bara, nilibaki nimetoa macho mpaka mume wangu alipoangua kicheko.

Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Safari ninayotaka kuwasimulia ni ya mwaka huu, na haikuanza vizuri hata kidogo.

Tulipanga twende Nungwi kwa siku tatu, mimi na yeye tu. Wenzangu mnaofanya kazi maofisini mnajua jinsi ndoa inavyoweza kugeuka kuwa upangaji: mnagawana kodi, mnagawana foleni, mnaonana usiku kila mtu ana simu yake mkononi. Tukaona tujiokoe. Nikatafuta hoteli ya ufukweni, nikalipa nusu ya fedha kabisa, nikanunua na gauni la kitenge la mgongo wazi.

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar haifiki hata saa mbili njiani. Tulipokuwa katikati ya maji ndipo mwenzangu akakohoa kidogo akasema, "Tutapita kwa Bibi mara moja." Sawa, nikasema, lazima tumsalimie. Akakohoa tena. Kumbe mama yake na mashangazi walikwishakaa kikao. Bibi aliteleza kwenye ngazi mwezi uliotangulia, hakuvunjika, lakini ukoo ukaamua ahamie Dar, Mbezi, kwenye nyumba ya chini yenye geti. Na aliyetumwa kumshawishi ni mume wangu, kwa sababu ndiye anayependwa. Habari hizo alikuwa nazo kwa wiki mbili. Mimi naambiwa nikiwa ndani ya boti, nina gauni la mgongo wazi kwenye begi.

Sikumjibu. Tulishuka bandarini kila mtu anaangalia upande wake.

Kwa asiyejua, Mji Mkongwe ni mahali ambapo gari halikusaidii. Vichochoro vingine mkinyoosha mikono wawili mnagusa kuta zote. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba uliishia pale urefu wa boriti ulipoishia. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Jina kubwa, lakini kuta hizo zinataka kupakwa chokaa mara kwa mara. Ukizipaka saruji zinashindwa kupumua, unyevu unabaki ndani, jiwe linaanza kumomonyoka. Na Beit el Ajaib, ile jumba ya mwaka 1883 tunayoiona kwenye kila kalenda ya Zanzibar, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakafariki. Kwa hiyo mashangazi hawakuwa wanaota. Nyumba ya Bibi ina ufa unaopanda na ngazi kutoka chini mpaka ghorofa ya kwanza. Niliupima kwa kidole, kikaingia.

Tulimkuta kakaa juu ya mkeka, anasuka ukili, redio inaunguruma pembeni. Sijui nikuelezeje uzuri wa mwanamke huyu. Ngozi yake imekunjamana kama kitambaa kilichokaa sandukuni, lakini inang'aa, maana kila baada ya kuoga anajipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Macho kayatia wanja. Vidole vimekolea hina kwenye ncha. Nywele nyeupe pee, kazisuka mistari miwili, katikati kachomeka kikuba cha asumini na mrehani. Kwa ajili ya nani? Hana mgeni aliyemtarajia, sisi hatukupiga simu. Nilijiangalia mimi, miaka thelathini na mbili, nimevaa suruali ya jinzi ya safari na fulana ya ofisini ya semina ya mwaka juzi, na ndiye niliyekuja honimuni ya pili.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mmenuniana nyiye." Hata hatujakaa!

Tukapiga simu Nungwi kuwaambia tunachelewa. Usiku huo tukalala pale. Na uliofuata.

Jumamosi asubuhi Bibi aliniita jikoni. Mchana tutakula pweza wa nazi, akasema, na mimi ndiye mpishi, yeye yupo tu. Mambo ya "yupo tu" ya wazee mnayajua. Nilikuna nazi juu ya mbuzi mpaka mkono ukafa ganzi, nikakamua tui kwa kifumbu, nikaambiwa tui la kwanza liwekwe mbali, lije mwisho kabisa, na likiingia moto upunguzwe, seredani ipunguzwe makaa, maana tui zito likichemka kwa fujo linakatika. "Kama maneno," akasema, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna rafiki yangu amewahi kuniuliza: mara ya mwisho nilikaa na mume wangu bila kazi yoyote mkononi ilikuwa lini?

Nikacheka. Halafu sikuweza kujibu.

Akanihadithia mumewe, marehemu, baharia wa majahazi aliyekuwa akiondoka na kusi na haijulikani atarudi lini. Bibi mwaka wake wa kuzaliwa haujui hasa. Anachokumbuka ni kwamba Siti binti Saad alipofariki, mwaka 1950, yeye alikuwa mtoto wa chuoni anayesoma juzuu, na Mapinduzi ya 1964 yalimkuta ana watoto wawili. Mume akirudi safari, alisema, siku tatu za kwanza hawakugombana hata kama kulikuwa na sababu. Siku ya nne ndiyo ya hesabu. "Nyiye mnaanza na hesabu," akaniambia. Sikumwona kama ananihubiria. Alikuwa anakatakata pweza huku akinisengenyea jirani.

Wakati huo mwenzangu alikuwa barazani na wazee wa kiume. Mabaraza ya mawe yaliyojengwa ukutani ndiyo sebule ya wanaume wa Mji Mkongwe tangu zamani. Mgeni wa kiume anapokewa nje, na walio ndani wanabaki na faragha yao. Mvua kubwa ikinyesha na kichochoro kikageuka mto, watu hupita juu yake kama njia. Baraza maarufu kuliko yote ni Jaws Corner, ambako kahawa tungu inamiminwa kutoka kwenye dele, dhumna zinapigwa mezani kama risasi, na siasa ya dunia nzima inamalizwa kabla ya adhuhuri. Mume wangu, ambaye Dar hawezi kukaa dakika kumi bila kushika simu, alikaa pale saa tatu. Alirudi ana kashata mfukoni na kicheko nilichokuwa nimekisahau. Mzee mmoja alikuwa amemsimulia jinsi baba yake alivyotoroka nyumbani usiku kwenda kusikiliza taarab ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905 na hadi leo kipo.

Niseme hapa jambo moja kwa vijana wenzangu mnaokwenda Zanzibar. Mnapiga picha milango, mnapiga picha machweo ya Forodhani, mnarudi. Zanzibar ni kisiwa ambacho hakikuogopa uzee wa mtu. Bi Kidude, ambaye umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa ajuza, anaimba, anapiga ngoma na anavuta sigara yake, na aliendelea kupanda jukwaani hadi karibu na kifo chake Aprili 2013. Basi na wewe kaa barazani. Jisitiri kidogo, toa shikamoo kwanza, agiza kahawa, nunulia na wa pembeni yako, kamera iache mfukoni mpaka uruhusiwe. Mengine utaletewa.

Turudi nyumbani. Ujumbe wa ukoo ulikuwa bado haujasemwa. Jumamosi usiku, baada ya kula, mume wangu akajikaza akausema wote: ngazi, ufa, Mbezi, chumba chenye choo ndani. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamuuliza, huko Mbezi asubuhi nani atampigia hodi.

Kimya.

Akahesabu kwa vidole. Muuza samaki anayemkopesha. Mtoto wa jirani anayekuja kusomewa. Shoga zake wawili wa maulidi. Kijana anayemletea asumini jioni. Pensheni Jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea Aprili 2016, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi, huwa anaifuata mwenyewe, anavaa buibui jipya, anakutana na wenziwe foleni na wanachekana nani kazeeka zaidi. "Huko Dar ntakuwa mzigo wenu," akasema. "Hapa mie mtu."

Mume wangu akasema ngazi zitamuua. Akasema kwa ukali kidogo, sauti ikamtetemeka, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini hakuniambia kwa wiki mbili. Alikuwa anaogopa. Kumbukeni huyu ndiye aliyemlea mpaka darasa la saba.

Bibi akamvuta, akakilaza kichwa chake mapajani kama mtoto. Mimi nikaenda kuosha vyombo.

Sitawadanganya kwamba tulipata dawa. Nawaheshimu mashangazi, na ufa ule bado unanikosesha raha. Tulichofanya Jumapili ni hiki: tulishusha kitanda cha Bibi, cha besera, chenye miguu ya kuchongwa, kutoka juu hadi chumba cha chini kilichokuwa stoo. Wazee wanne wa barazani walikuja kusimamia, vijana wakabeba, na kila mzee akatoa amri tofauti. Fundi wa chokaa akaja kuuangalia ufa, akatupa bei, tukameza mate, tukalipa ya awali. Binti wa jirani atalala pale. Ngazi Bibi kakubali kuzipanda mara moja kwa wiki, Ijumaa, akaangalie asumini yake ya darini. Tulibishana sana juu ya hiyo Ijumaa. Alishinda.

Mama mkwe alipopigiwa simu hakufurahi, na ana haki. Tumekubaliana tutaangalia tena baada ya Ramadhani.

Hela ya hoteli haikurudi. Gauni la mgongo wazi nililivaa ndani, usiku wa mwisho, Bibi akaniomba nigeuke, akalitazama, akasema mshonaji kaniibia kitambaa, halafu akanifukiza udi kwenye chetezo mpaka nikapiga chafya. Mume wangu alikuwa mlangoni anaangalia. Simu yake ilikuwa imezimika chaji tangu mchana na hakuwa na habari.

Tumekata tiketi za mwezi ujao. Mimi nimeagizwa betri za redio, miwani ya kusomea na kitenge kama kile, lakini chenye mgongo. Yeye ameambiwa aje tu.